Kumshuhudia Yesu Kariakoo bila kushika maiki

Ukiwa na duka Kariakoo watu wanajua dini yako fasta sana, nyimbo unazopiga, stika ukutani, mstari wa Biblia kwenye stetasi ya WhatsApp asubuhi asubuhi. Hiyo haimshtui mtu. Wanachosubiri kuona ni ukibanwa kwenye hela utafanyaje, na mi nauza vitenge mtaa wa Uhuru miaka mingi sasa kwahiyo naongea ninachokiona kila siku.

Tuanze na risiti maana wapendwa wengi tunapotelea hapo. Kariakoo kuna bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, VAT ni asilimia 18 na mteja akisikia inaongezeka anakwambia dada acha tu nipe bila. Alafu kuna yule wa ofisini katumwa sare za sherehe, kanunua za laki 3 anataka umwandikie laki 4 kwenye kitabu cha mkono na anakuahidi soda. Ukikataa anaenda duka la pili, hilo nakwambia mapema usije ukadhani Mungu atamrudisha jioni analia, harudi, na mwezi wenye kodi ya fremu unauma kweli. Mi huwa namwambia tu, kaka hiyo siandiki ila nakupunguzia kidogo na risiti ya mashine isome hivyohivyo ulivyolipa. Basi, yanaishia hapo. Usianze kumhubiria habari za wizi mbele za watu, unamwaibisha na hatakusikia tena maisha yake yote. Ujue pia anayekuangalia zaidi sio yeye, ni kijana wako wa dukani anayekunja vitambaa pale nyuma. Yule ndo anajua unamlipa tarehe ngapi, anajua ukiibiwa pima moja unamkata bila kumsikiliza, sasa ukimwalika ibada ya Alhamisi atakuja kwa sababu wewe ni bosi lakini moyoni keshamaliza hukumu yake.

Kingine ni hii "nipo njiani". Mtu anapigiwa simu yupo Kimara anatafuta soksi, anasema nipo Magomeni foleni tu imebana. Au mteja kalipa advansi anaulizia mzigo wake, anaambiwa umeshatoka bandarini na wewe unajua kontena halijashuka. Dar hii imekuwa kama salamu, hata wa kanisani hatushtuki. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo iwe siyo, ipo Mathayo 5:37. Mwambie tu mama mzigo bado na tarehe sijui, atafoka, lakini siku nyingine ukimwambia mzigo upo ataacha kazi zake aje.

Napenda sana habari ya Paulo pale Korintho, Matendo 18, alifikia kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema, na kila Sabato anaenda kwenye sinagogi kujadiliana na watu. Huwa nawaza wale wateja wake. Hema lingefumuka kwenye mvua ya kwanza, nani angekaa kumsikiliza Sabato?

Sasa majirani. Huku kwetu duka kwa duka tumechanganyika Wakristo na Waislamu, na nyumbani hivyohivyo ukuta kwa ukuta. Msiba ukitokea kwa wenzetu wanazika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, kwahiyo usisubiri kikao cha kamati ya rambirambi, jitande mtandio nenda ukakae kwenye mkeka na kina mama, osha vyombo, usiwe wa kuonyesha sura alafu dakika tano umeondoka. Ukialikwa futari nenda. Na kanisa lenu kama lina mkesha punguzeni spika jamani, mtoto wa jirani ana mtihani na mgonjwa hajalala, watu wa mazingira wa serikali wana kanuni za kelele na hatupaswi kufika huko mpaka tukumbushwe na serikali.

Ukiishi hivyo maswali yanakuja yenyewe. Mzee wa duka la pembeni, Muislamu safi, Ijumaa akienda msikitini ananiachia duka na droo ya hela. Siku moja akaniuliza, mwanangu wewe kwanini huogopi kukosa wateja wa zile risiti? Nikamwambia mzee wangu, naogopa sana tu, ila Yesu alinitoa mbali na nimemwachia na riziki yangu. Nikamweleza kwa dakika mbili nilivyookoka, sikugusa dini yake, mashindano ya mihadhara kitabu gani cha kweli nawaachia wenye nguvu zao. 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu, na mwishoni imeandikwa kwa upole, kipande hicho wengi hatukifikii tunakuwa tumeshapaza sauti. Mzee akaitikia akaendelea na chai yake. Bado anaswali msikitini kwake na bado funguo ananiachia mimi, akiuliza tena nitamjibu tena.

Kama unataka kuanza wiki hii, angalia kwanza nani unadaiwa naye pale mtaani, ukamlipe, kadi ya mwaliko wa tamasha la kwaya ifuate baadaye.