Kilohezi 1566 usiku: kwa nini Lubumbashi inapata na Bukavu inakosa?

SWALI: Jambo fundi. Mimi niko Kadutu, Bukavu. Mdogo wangu yuko Goma, Himbi, na shemeji yetu yuko Lubumbashi, Katuba. Wote watatu tunapenda kutafuta vituo vya mbali kwenye AM. Tangu mwezi wa 4 tumepatana kwamba kila Jumamosi usiku tusikilize masafa mamoja tu, 1566, kisha tuandikiane. Shemeji anapata kituo cha Parakou, Benin, karibu kila wiki, tena maneno yanaeleweka. Mimi nasikia sauti mbili zimepandana, na juu yake mikwaruzo. Mdogo wangu anaandika kila mara: "1570, hakuna kitu, mvumo tu." Redio yangu na ya shemeji ni za aina moja, zilinunuliwa siku moja. Na kwenye ramani, Benin iko karibu zaidi na sisi wa Kivu. Je, redio zetu zimeharibika? Tununue antena gani?

JIBU: Jambo, ndugu yangu wa Kadutu. Kilichonifurahisha katika barua yako ni kwamba mmechagua masafa mamoja na kuyakalia wiki baada ya wiki. Wengi huzungusha kitufe usiku kucha, wanaokota sauti huku na kule, na kukicha hawana cha kulinganisha. Ninyi mnacho. Ila mpaka sasa hamjalinganisha redio. Mmelinganisha kelele za miji mitatu, na kelele hizo ndizo za kushughulikia kabla ya kutoa hata faranga moja ya antena.

Nianze na mdogo wako, maana nusu ya shida yake inakwisha kwa dakika moja. Ameandika 1570. Huku Afrika, kama Ulaya, vituo vya AM vimepangwa kwa hatua za kilohezi 9, kufuatana na mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975. Namba 1566 ni 9 mara 174. Kule Amerika hatua ni 10. Redio yake imewekwa kwa hesabu ya Amerika, kwa hiyo inaruka kutoka 1560 hadi 1570 na haina namna ya kusimama kwenye 1566. Akiwa kilohezi 4 pembeni, kituo chenye nguvu kingesikika kimeziba na kukwaruza. Kituo dhaifu hakisikiki kabisa. Atafute kwenye kijitabu cha redio jinsi ya kubadili hatua kutoka 10 kwenda 9. Kwenye redio nyingi za tarakimu ni kuizima, kisha kubonyeza kitufe kimoja na kukishikilia mpaka kioo kionyeshe 9.

Unabaki ule mvumo. Hapa nawaomba wote watatu mfanye jaribio ambalo ninalithamini kuliko chombo chochote cha bei: sikilizeni 1566 saa sita ya mchana. Mchana jua linatengeneza tabaka la hewa yenye chaji, kama kilometa 60 hadi 90 juu ya vichwa vyetu, na tabaka hilo linameza mawimbi ya AM kabla hayajafika kwenye tabaka za juu ambazo zingeyarudisha chini. Hakuna sauti ya Benin itakayofika Kivu adhuhuri. Basi chochote mnachokisikia mchana kwenye masafa hayo kinatoka karibu: shaja ya simu, taa ya LED, televisheni ya jirani, mashine inayogeuza umeme wa betri za sola. Kama mvumo wa Himbi ni uleule mchana na usiku, mdogo wako ameshapata jibu. Umeme unapokatika mtaa mzima, aiwashe redio kwa betri papo hapo. Mvumo ukitoweka, ulikuwa unaletwa na nyaya. Ukibaki, aende chumba kwa chumba akizima mashine ya sola na kuchomoa shaja moja moja, redio mkononi, na atauona unavyokua akikikaribia chombo chenyewe.

Mama mmoja wa hapa mjini aliwahi kuniletea redio yake mara tatu. Mara zote mbili za kwanza niliifungua, nikasafisha, nikaijaribu mezani kwangu, ikasikia vizuri. Mara ya tatu nilimfuata nyumbani. Taa moja ya LED kwenye korido, ya bei ya chini, ilikuwa inaziba AM yote kutoka chini mpaka juu. Tuliitoa taa hiyo, redio ikapona. Tangu siku hiyo sifungui redio ya mtu kabla sijauliza nyumba yake ina taa gani.

Sasa tuje kwenye mikwaruzo yako, ambayo ni habari nyingine. Ile ya kupasuka-pasuka, isiyo na mpangilio, ni radi. Kila umeme wa radi ni mtambo wa kurushia unaowaka kwa kitambo kidogo tu, na nguvu yake nyingi iko kwenye masafa ya chini, ikiwemo AM yetu. Wewe unakaa mahali pagumu kuliko karibu pote duniani: utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa Kabare, jirani yako hapo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, kama miali 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Iliyoizidi ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Na usiku radi za mbali nazo zinaruka kwenye tabaka za juu na kukufikia, kama vile kituo kinavyokufikia. Ugumu wako ni kwamba mawingu makubwa ya msituni yako magharibi mwako, upande uleule wa Benin. Hata ukizungusha redio namna gani, huwezi kuziba radi bila kuziba na kituo.

Shemeji yuko upande wa heri. Lubumbashi mvua zinakatika mwezi wa 4, na kuanzia mwezi wa 5 ni kiangazi kikavu, mbingu safi, wakati Kivu bado inanyeshewa mpaka mwisho wa mwezi wa 5. Hesabu yenu imeanza hasa kwenye kipindi ambacho yeye amepata ukimya na wewe umebaki na ngurumo. Redio mbili pacha, anga mbili.

Kuhusu ramani uko sawa. Kutoka Kivu hadi Parakou ni kama kilometa 3,200. Kutoka Lubumbashi ni kama 3,600. Lakini usiku kilometa 400 si neno. Wimbi halitambai ardhini. Linapanda, linarudishwa na tabaka la juu, linashuka, pengine linadunda tena. Lililo na uzito zaidi ni upande linakotokea. Parakou iko karibu sana na ikweta ya sumaku, ule mstari ambapo sindano ya dira ingelala sawasawa bila kuinama. Ukiwa karibu na mstari huo, wimbi la AM linaloelekea mashariki au magharibi linapoteza nguvu zaidi angani kuliko linaloelekea kaskazini au kusini, kwa sababu mlingoti wa wima wa kituo haupatani na jinsi sumaku ya dunia inavyoligeuza wimbi. Njia ya kuja Kivu imelalia mashariki. Njia ya kwenda Lubumbashi imeinama zaidi kusini, kwa hiyo inaumia kidogo. Tofauti yenyewe si kubwa, lakini kwa kituo kilicho ukingoni mwa kelele inatosha kutenganisha "nasikia mtu anaongea" na "naelewa anachosema".

Zile sauti mbili zilizopandana sasa. Masafa 1566 si mali ya Benin peke yake. All India Radio ilijenga kituo cha kilowati 1000 mjini Nagpur kwenye masafa hayohayo, na kisiwani Jeju, Korea Kusini, kuna kingine cha kilowati 250. Jeju usiifikirie. Nagpur iko kama kilometa 6,000 kutoka kwako, na kwa nguvu ya namna hiyo si mbali sana. Usibahatishe kwa lugha wala kwa muziki. Tumia redio yenyewe.

Ndani ya redio yako, sambamba na upande wake mrefu, kuna fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba. Hiyo ndiyo antena ya AM. (Ile fimbo ya kuvuta ya chuma, kwenye redio nyingi ndogo, ni ya FM na mawimbi mafupi, ukiivuta kwa ajili ya AM hupati kitu.) Fimbo ya feraiti inasikia vizuri kwa ubavu, na kwa ncha zake ni kiziwi. Ncha ile ya kiziwi ndiyo utakayoifanyia kazi, kwa sababu ni kali: digrii chache tu na sauti inazama, wakati ubavuni unaweza kugeuza sana bila kuona badiliko. Fungua dira ya simu, uielekeze digrii 295: hapo ndipo Parakou ilipo kwako. Nagpur iko kwenye digrii 62. Kisha weka simu mbali, isilete kelele. Elekeza ncha ya redio kwenye 62. Sauti moja ikizama na nyingine ikibaki, iliyozama inatoka mstari huo. Geuza ncha kwenye 295, na kinyume chake kitokee. Shemeji atumie 309 na 57. Kwake pande hizo mbili zimekaribia kuwa pembe mraba, kwa hiyo akiiziba India, Benin inabaki karibu na kilele. Huo nao ni mtaji anaokuzidi.

Jua pia linaweza kukusaidia kuwatenganisha. Kwetu linazama karibu 18:00, na Parakou linazama karibu saa moja na dakika 45 baadaye. Kwa hiyo kati ya 18:30 na 19:30 njia ya mashariki iko gizani tayari na ya magharibi bado ina mwanga: sauti za mashariki zinatamba. Baada ya 20:00 magharibi inafunguka, na hapo ndipo mchanganyiko wako unapoanza. Kuelekea 03:30 ya kwetu, Nagpur kumekucha mwaka mzima, na njia yake inazibwa na jua lao. Kuanzia hapo mpaka karibu na alfajiri, kama kituo cha Parakou kiko hewani, unacho peke yako. Tena saa hizo radi za jioni nyingi zimechoka na majirani wamezima taa.

Antena ya kununua sikupendekezei. Chukua mbao mbili za mita 1, zipishanishe msalaba, zungusha waya wa kawaida wenye ganda mara 10 kwenye ncha nne, mizunguko ikiachana nusu sentimita. Miisho miwili ya waya iunge na kondensa ya kuzungusha kutoka redio kuukuu, ile yenye sahani zinazoingiliana. Usiiunge na redio popote. Weka redio karibu na fremu, fimbo yake ya ndani ikielekea upande unaotazamwa na uso wa fremu, kisha zungusha kondensa polepole mpaka sauti iruke juu. Fremu ina kanuni kinyume na fimbo: inasikia kwa ukingo, na ni kiziwi kwa uso. Barazani inatosha, huhitaji kutoka nje usiku. Mdogo wako wa Goma naye hapati hasara ya lile jiwe la volkano chini ya nyumba yake, ambalo ni adui wa antena yoyote inayohitaji waya wa ardhini. Fremu haihitaji ardhi.

Kuhusu kuandikiana, neno "vizuri" halilinganishwi na chochote. Tumieni tarakimu tano za SINPO, kila moja kutoka 1 hadi 5, ambapo 5 ndiyo bora: nguvu ya kituo, usumbufu wa vituo vingine, kelele, kupanda na kushuka kwa sauti, na mwisho hali ya jumla. Usiku wako wa sasa unaweza kuwa 32232. Tarakimu ya pili na ya tatu ndizo zinazonihusu mimi fundi, kwa kuwa ya pili inatibiwa kwa kuzungusha redio na ya tatu kwa kuchomoa shaja. Saa iandikwe kwa tarakimu za saa 24. Huku kwetu mmoja anahesabu saa ya Kiswahili na mwingine ya Kifaransa, na "saa nne usiku" ya ndugu wawili inaweza kuachana kwa saa sita. Na iwe dakika ileile, maana sauti ya mbali inapanda Bukavu ikiwa inashuka Lubumbashi, kisha zinabadilishana. Dakika tano za kurekodi kwa simu, wote kwa pamoja, zina faida kuliko usiku mzima wa kila mtu kivyake.

Kwa hiyo ngojeni mwezi wa 7, Kivu nayo ikiwa kwenye kiangazi. Chagueni Jumapili moja, 04:00 hadi 04:30. Wewe na mdogo wako muwe mmeshafanya jaribio la saa sita mchana na kuziba mlichokipata. Redio zote kwenye betri, hatua 9, ncha ya kiziwi kwenye digrii 62 kwa Goma na Bukavu, 57 kwa Lubumbashi. Kila mtu aandike tarakimu zake tano kwenye karatasi kabla hajasoma za mwenzake. Shemeji asitume ujumbe wa "nimeshapata" katikati, kwa sababu sikio likishaambiwa kuna sauti, litaisikia hata kwenye mikwaruzo mitupu. Halafu nitumieni karatasi zote tatu pamoja.