Kabla hujaandika "ubinafsi"

Wadogo zangu mlioanza fasihi mwaka huu, mkifika kwenye hadithi fupi za distopia, yaani za jamii ya kubuni ambamo maisha yamegeuka mateso, kuna mtego unawasubiri, na mimi niliuingia mzima mzima. Mtapewa swali la mtu mmoja anayebanwa na mitambo ya wakubwa, na kalamu itakimbilia neno "ubinafsi". Nililiandika mara kumi na moja katika insha ya kurasa sita. Mhadhiri akalizungushia duara lile la kwanza tu, akaandika pembeni: "Kwani alikula peke yake?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mbinafsi kwetu ni mchoyo. Nilidhani namtetea Leonard Mead, kumbe kila aya ilikuwa inamtukana.

Mead ni mhusika wa "The Pedestrian", hadithi ya Ray Bradbury ya mwaka 1951. Tuko mwaka 2053, katika jiji la watu milioni tatu, na usiku ukiingia wote wamejifungia na televisheni zao. Yeye hutoka kutembea tu. Huvaa raba, maana viatu vya kisigino kigumu huwafanya mbwa wambwekee na mtaa mzima ushtuke. Miaka kumi hajakutana na mtembeaji mwenzake hata mmoja. Gari la polisi, la pekee lililobaki jijini, linamsimamisha na kumuuliza kazi yake. Akijibu kwamba ni mwandishi, linaandika: hana kazi. Na ndani ya gari hamna dereva. Huyu kamnyima nani nini? Hapa andikeni "upekee", au semeni tu "namna yake ya kuishi", mtahini ataelewa.

("The Machine Stops" ya E. M. Forster, 1909, ni ndefu. Iwekeni likizo. Kijana anamwomba mama yake waonane ana kwa ana bila kupitia mtambo, na mama anaona ni usumbufu.)

Utamu wenyewe uko kwenye "Harrison Bergeron" ya Kurt Vonnegut, 1961. Ni mwaka 2081, na sheria ya Marekani hairuhusu mtu kumzidi mwenzake akili, sura wala nguvu. George, baba yake Harrison, amejaliwa akili, basi amewekewa redio ndogo sikioni inayompigia kelele kila baada ya sekunde ishirini hivi. Shingoni ana mfuko wa marisau, zile punje za risasi, wa ratili 47, yaani kama kilo 21. Namba hiyo niliipita bila kuijali mpaka lifti ya hosteli ilipoharibika nikapandisha ndoo ya maji ya lita 20 hadi ghorofa ya nne. George halali bila ndoo yake.

Rudieni kuisoma mkiwa na penseli, mkiweka alama kila redio inapolia. Mtaona wazo linaanza kuchomoza kichwani mwa George, kelele inalia, wazo limekatika. Mkewe Hazel anamshauri atoboe mfuko apunguze marisau kidogo. Anakataa. Adhabu ni miaka miwili jela na faini ya dola 2,000 kwa kila punje atakayoitoa, ila msiishie kwenye faini. Anaongeza kwamba wengine nao wangeiga, watu wakarudia kushindana kama zamani. Mfuko umemkaa mpaka anautetea. Mimi ningemwandikia huyu insha nzima.

Harrison je? Wengi wenu mtamfanya shujaa. Ni kijana wa miaka 14, urefu futi saba, katoroka jela. Anaingia studio ya televisheni akitangaza kwamba yeye ndiye kaisari na kila mtu amtii papo hapo, halafu anawaahidi wanamuziki vyeo vya kikabaila. Lile neno langu la mara kumi na moja hapa ndipo mahali pake.

Anapigwa risasi televisheni ikionyesha, yeye na mcheza baleti aliyemchagua. George alikuwa jikoni akichukua bia. Anarudi, anamkuta Hazel ana machozi, anamuuliza analia nini. Hazel hakumbuki, anachojua ni kwamba kuna kitu cha kusikitisha sana kwenye televisheni. Na Hazel, tazameni tena ukurasa wa kwanza, hakuwahi kuwekewa redio yoyote sikioni.