Kilichozama Kisimani: Barua Zenu na Majibu ya Fundi wa Visima

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: kitu kimeanguka kisimani, nasikia kuna sumaku ya kuopolea, je, nitafute? Nimechagua sita. Ya pili nawaomba muisome hata kama kisima chenu hakijapoteza kitu.

Salamu fundi. Ndoo yangu ya bati imekatika kamba ikazama kwenye kisima cha uani. Kutoka ukingoni hadi majini ni kama pima tano. Mjukuu wangu amefumua spika mbovu akatoa sumaku, anasema itatosha. Itatosha kweli? – Bibi wa Muheza

Shikamoo bibi. Mjukuu wako amefikiri vizuri. Sumaku ya spika, hasa ile nene ya spika kubwa za muziki, inashika ndoo ya bati. Kazi iko kwenye kuipandisha. Ndoo ikiwa ndani ya maji ni nyepesi. Ikianza kutoka, lita ishirini zilizomo zinakuwa kilo ishirini, na hapo ndipo sumaku huachia. Kwa hiyo muwe wawili. Mmoja avute taratibu mpaka ndoo ionekane usawa wa maji, kisha aitulize hapo. Mwingine ashushe kiopoo adake mpini. Kiopoo kikishaingia, vuteni kwa kiopoo, sumaku isaidie tu.

Kabla ya yote mulikeni. Saa sita mchana toeni kioo nje, mkielekeze juani, mwanga wake muuangushe kisimani. Kwa maji yaliyotulia mtaona mpini umelala upande gani. Tochi ya simu haifiki huko.

Kamba iwe ya nailoni, unene wa kidole kidogo, na ncha yake ya juu ifungwe kwenye mti kabla sumaku haijashuka. Kama kisima kina vikanyagio vya nondo ukutani, sumaku itang'ang'ania kila kimoja. Kateni kitako cha dumu dogo, iwekeni sumaku humo ikitazama chini, kamba itokee mdomoni. Ubavu wa dumu utaitenga na ukuta.

Mkitaka kununua, siku hizi zinauzwa sumaku za neodimiamu, aina iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisahani cha kuenea kiganjani kinaweza kuandikwa kilo 200. Kipimo hicho ni cha bamba nene la chuma, bapa na safi. Kwenye mpini wa waya wenye kutu utapata sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, nayo kwa ndoo inatosha. Mjukuu asiweke vidole kati ya sumaku hiyo na chuma, itavisaga. Mtu mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani asiisogelee. Wala msiipeleke kwa fundi wa kuchomelea aiongeze pete: joto likizidi nyuzi 80 hivi, sumaku nyingi za aina hii huanza kupoteza nguvu, na zikipoa hairudi yote. Mkimaliza isuguliwe kwa maji baridi, ikaushwe na kupakwa mafuta, maana visima vyetu vya pwani vina chumvichumvi na sumaku hiyo ikichubuka rangi inaoza haraka.

Shikamoo fundi. Pampu yetu ya umeme imechomoka kwenye bomba, imebaki chini na waya wake. Kuna kijana hapa mtaani huingia visimani kwa shilingi elfu thelathini. Anasema kwanza huteremsha mshumaa. Ukiendelea kuwaka, anaingia. Nimruhusu? – Msomaji wa Mkuranga

Marahaba. Usimruhusu. Mpe hiyo elfu thelathini akusaidie kuvuta kamba akiwa juu, miguu yake ikiwa kwenye udongo.

Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu habari hii tunaisikia kila mwaka na inakwenda vilevile. Mmoja anashuka, analegea, anaanguka. Ndugu yake anadhani ameteleza, anashuka kumwokoa, naye analegea. Anafuata wa tatu. Kijiji kinazika watu wa nyumba moja kwa siku moja, na kilichokuwa kinatafutwa ni ndoo, au simu, au mbuzi.

Hewa ya chini ya kisima si hii tunayovuta hapa juu. Majani yanaoza, udongo unapumua, gesi ya kabonidayoksaidi inatoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inalala chini ikiisukuma oksijeni juu. Mahali penye tope linalooza kuna gesi nyingine, yenye harufu ya yai viza. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imekolea. Na mahali ambapo watu wameteremsha pampu ya petroli kukausha maji kuna moshi wenye kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu kabisa.

Mshumaa wa kijana wako unazimika oksijeni ikipungua sana. Kwa hiyo ukizimika umekwambia kweli. Ukiendelea kuwaka haujakwambia kitu: kaboni monoksaidi haiuzimi, gesi ya yai viza haiuzimi kwa kiwango kinachotosha kuua mtu, na kama chini kuna gesi inayoshika moto, mshumaa ndio kiberiti chake. Tena miguu ikishakoroga tope, gesi iliyokuwa imelala ndani yake inatoka wakati huo huo, mshumaa ukiwa umeshapita salama. Wanaoshuka kwa haki hupima hewa kwa kipimo cha gesi, hupuliza hewa safi muda wote, huvaa mkanda uliofungwa kwenye fremu ya miguu mitatu, na juu wapo watu wa kuwavuta. Kijana wa mtaani ana kamba na moyo. Moyo wake tuutunze.

Akitokea mtu ameanguka humo, msimfuate. Pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji, huku mkimwita kwa sauti na kumteremshia kamba yenye kitanzi aishike kama bado ana fahamu.

Sasa pampu. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye soketi tu. Pampu nyingi za kuzamisha zina ganda la chuma kisichoshika kutu, na chuma cha aina hiyo kwa kawaida sumaku haikishiki. Jaribu sumaku kwenye pampu kama hiyo dukani kabla hujatoa hela. Tumia kiopoo. Changu nilifuliwa na mhunzi kwa nondo ya milimita 10: kulabu tatu zimepindwa kama nanga ya ngalawa, ncha zimefanywa butu zisitoboe waya. Kiteremshe mpaka chini, kizungushe polepole upande mmoja, uvute kidogo, uzungushe tena. Waya utajisokota kwenye kulabu. Ukipanda, usiutegemee kubeba pampu, utang'oka kwenye mota. Ufuate tu ujue pampu ilipo, kisha pitisha kitanzi cha kamba shingoni mwake. Na ikirudi kazini, ifunge kamba ya nailoni kwenye masikio yake. Bomba lisibebe uzito peke yake.

Fundi, pete yangu ya ndoa ya dhahabu imeniponyoka nikichota maji. Mume wangu yuko safarini, natamani akirudi aikute. Sumaku ya aina gani itaivuta? – Bi mdogo, Chake Chake

Hakuna, dada yangu. Dhahabu haivutwi, wala fedha, shaba na aluminiamu.

Lakini dhahabu ni nzito, kwa hiyo pete ilishuka moja kwa moja na haijasafiri. Weka alama pale ukingoni ulipokuwa umesimama. Maji ya visima vyetu hushuka sana mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaingia. Ngoja hapo. Chukua kopo la bati lenye mdomo mpana, lifunge jiwe upande mmoja lilale, uburute tope la mahali pale palepale na kulimimina kwenye chekeche juu ya mkeka. Msikaushe kisima chote kwa pampu. Sehemu nyingi za kisiwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, na mkivuta kwa pupa ya chini yatapanda. Na mumeo mwambie mapema kwa simu, usikae na jambo hili peke yako.

Shikamoo mzee. Huku kwetu kuna kisima cha wakati wa Mjerumani. Wazee wanasema askari walipokimbia walitupa mali humo. Tuko vijana wanne, tumechanga hela za sumaku kubwa. Tuanzie wapi? – Msaka historia, Tabora

Marahaba kijana wangu. Tuanze na hiyo mali yenyewe. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora Septemba 1916. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wakigonga sarafu hapo hapo Tabora kwenye karakana ya reli, kwa sababu bahari ilikuwa imezibwa na hela haziji. Waligonga sarafu ya rupia 15 ya dhahabu, yenye picha ya tembo, na nyingine za shaba. Rupia zao za kawaida zilikuwa za fedha. Hata tukirudi nyuma zaidi, sarafu za masultani wa Kilwa nyingi zilikuwa za shaba. Hesabu mwenyewe: dhahabu, fedha, shaba. Sumaku yenu ya laki kadhaa ingepita juu ya zote bila kutikisika.

Itakachoshika ni chuma, na chuma cha vita kinaweza kuwa kombora. Zaidi ya miaka mia imepita, lakini baruti iliyofungiwa ndani ya chuma haifi kwa umri, na kifyatulio chake kikiliwa na kutu kinaweza kushtuka kwa mtikiso mdogo. Katika mifereji na mito ya Ulaya wavuvi wa sumaku huibua mabomu mara kwa mara, na polisi hulazimika kuhamisha watu. Mkiona kitu kizito cha duara refu chenye ncha, msikipangue, msikigonge, msikipige picha kwa karibu. Ondokeni, mpige 112.

Kuna na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na majengo ya wakati huo. Kisima cha Kaole, visima vya Kilwa Kisiwani na, upande wa Kenya, vile vya Gedi, si mahali pa kutupia sumaku. Tope la kisima cha kale limelala tabaka juu ya tabaka, na kitu kikikutwa mahali pake mtaalamu anasoma umri wa tabaka lote. Sumaku ikishakiburuta, maandishi hayo yamefutwa. Kisima chenu ni cha baadaye, lakini kina mwenye ardhi na kina serikali ya kijiji. Anzeni huko, na kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Mwenye kuwauzia ramani ya mali ya Mjerumani, au zebaki nyekundu ya kuitambua, anataka hela mlizochanga. Nasema hivi kwa uchungu, nimeona nyumba zimeuzwa kwa ajili hiyo. Ukitaka kuona chuma cha Mjerumani kilichoopolewa kweli, nenda Fort Jesus, Mombasa. Pale nje uko mzinga wa meli ya Königsberg, iliyozamishwa kwenye mto Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa mtoni, ikaburutwa nchi kavu kwenda vitani. Sumaku haikutumika, zilitumika kamba na migongo ya watu.

Assalamu alaykum fundi. Wanangu wameona uvuvi wa sumaku kwenye simu, wanataka tukajaribu kwenye mfereji karibu na nyumbani. Hapa watu hutupa mpaka baiskeli majini. Unashaurije? – Baba wa watoto wawili, Leicester

Waalaykum salaam. Ulizeni kwanza maji ni ya nani. Mifereji mingi ya Uingereza na Wales iko chini ya Canal & River Trust, na kanuni zao zinakataza uvuvi wa sumaku. Mto au bwawa la mtu binafsi linahitaji ruhusa yake. Mkipata ruhusa, vaeni glovu nene na mfunike kila mkwaruzo: mkojo wa panya kwenye maji hayo hubeba ugonjwa uleule tunaouita huku homa ya mgunda. Chuma mlichotoa mwondoke nacho, msikiache ukingoni. Bunduki, kisu au bomu ni 999, na watoto wakae nyuma.

Fundi, tumefanikiwa kuopoa jembe, minyororo miwili na simu kutoka kisima cha mtaa. Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Lini watu waanze kunywa? – Kamati ya maji, Kilwa Masoko

Hongereni kwa kuopoa bila kumshusha mtu. Kutu ya jembe haina neno kubwa, itabadilisha ladha tu. Shida ni tope mlilokoroga, pamoja na kamba na mikono iliyoingia. Simu ilete mashaka kama betri imevimba au kupasuka. Ikiwa hivyo, choteni maji yote mnayoweza mkamwage mbali kabla ya hatua inayofuata.

Acheni maji yatulie siku mbili au tatu, tope likae chini. Kisha wekeni klorini. Kwa kila lita elfu za maji, lita moja ya dawa ya maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 5, isiyo na manukato. Kisima cha upana wa mita moja chenye maji ya kina cha mita mbili kina lita kama 1,570, kwa hiyo lita moja na nusu inatosha. Ichanganyeni kwenye ndoo ya maji, mimineni mkizunguka ukuta wote, halafu chovyeni ndoo na kamba ya kisima humohumo. Funikeni usiku kucha, saa kumi na mbili zisipungue, na mtu akae zamu ili mtoto asichote. Asubuhi choteni na kumwaga, mbali na bustani na mbali na mifugo, mpaka harufu ya klorini iishe.

Hapo watu wanaweza kufua na kuoga. Ya kunywa chemsheni kwanza, na mpeleke chupa ya maji ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwombe yapimwe. Majibu yabandikeni pale kisimani, ili kila anayekuja na ndoo ayasome.