Usiitupe Sabuni ya Kunyolea Iliyobaki Kipande

Assalamu alaykum ndugu zangu. Juzi kijana mmoja wa Jambiani ameniandikia. Sabuni yake ya kunyolea imelika katikati, imebaki pete tu pembezoni mwa kibati. Akizungusha brashi inakwangua bati, na povu linalotoka ni la viputo vikubwa vinavyopasuka kabla wembe haujafika shavuni. Anauliza: aitupe anunue nyingine? Nikamjibu palepale kwamba asiitupe. Leo nataka nieleze kwa urefu, maana suala hili naulizwa mara kwa mara, na mwenyewe limenipitia.

Mimi nilianza kunyoa kwa brashi na sabuni kwa sababu ya vipele. Nilikuwa nikipitishwa mashine ya umeme saluni, na kila nikitoka shingo inawaka, baada ya siku mbili vipele vimejaa hata kola ya kanzu naiona adui. Ami yangu anayeishi Maskati alipokuja likizo akanikuta najikuna. Akafungua begi lake, akanitolea mashine ya wembe wa kubadilisha, brashi, na kijiti cha Arko, ile sabuni ya Waturuki ya gramu 75. Akanikalisha barazani, akanipaka, akaninyoa shavu moja, la pili akaniambia ninyoe mwenyewe. Shingo yangu ikapona. Ndevu za kidevuni nazifuga, nanyoa mashavu na shingo tu, na tangu siku ile sijaketi tena kwenye kiti cha saluni.

Brashi aliyonipa ilikuwa ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Nalitaja hili kwa sababu brashi nyingi za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na kwetu sisi hilo halina mjadala. Ulizeni kabla ya kulipa.

Sabuni yenyewe haipatikani kila duka hapa mjini, kwa hiyo kipande cha mwisho nilikuwa nakitunza. Nyumbani wakaniita bakhili. Siku moja tunasafisha nyumba kwa ajili ya Idi, binamu yangu akakichukua kikopo changu cha mabaki akakimwaga jaani. Nilipouliza akanijibu mbele ya wageni, "Mtu mzima mwenzetu unaweka makombo ya sabuni?" Watu wakacheka. Sikusema kitu. Lakini mpaka leo likinijia linaniuma, kwa sababu makombo yale yalikuwa na kunyoa kwingi ndani yake, na kwa sababu hakuniuliza.

Mwezi uliopita mkwe wangu alitujia kutoka Wete, akataka anyolewe kabla ya sala ya Ijumaa. Sabuni nzima sikuwa nayo. Nilimnyoa kwa mabaki. Alipopitisha kiganja shavuni akaomba aione sabuni yenyewe, nikamletea bakuli, akaona kile kilichogandia chini, chembamba hivi. Hakuamini. Mzee yule si mwepesi wa kusifu mtu, na siku ile alinisifu mbele ya binti yake.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo wengi wanapoionea sabuni. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vya Jambiani, Paje, Makunduchi na kwingineko yanapita humo yakibeba chokaa. Tazama ndani ya birika lako la chai, yale magamba meupe ndiyo yenyewe. Chokaa ikikutana na sabuni huishika, wakawa utando wa kijivu usiotoa povu. Sabuni ya mwanzo unayoichota yote inaliwa na maji, na ile inayozidi ndiyo inayokuwa povu. Sabuni ikiwa nene huioni hasara hiyo, brashi inachota nyingi. Ikibaki pete, brashi inachota kidogo, maji yanakula hicho kidogo, wewe unabaki kupaka hewa. Na kisima kikiwa karibu na bahari, chumvi nayo inaongeza tabu, kwani chumvi huitenga sabuni na maji. Watengeneza sabuni huitumia makusudi kwa kazi hiyohiyo.

Maji bora ni ya mvua. Wakati wa masika acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, uweke dumu lako pembeni; kunyoa kunataka kikombe tu. Kama huna, chemsha ya kisima, yaache yapoe na kutuama, umimine ya juu taratibu. Kuchemsha hupunguza chokaa, chumvi haitoki.

Wapo wanaonishauri nichanganye na sabuni ya kuogea, au ile ya nazi. Sabuni ya nazi kweli hutoa povu hata kwa maji ya bahari, lakini povu lake ni jepesi na linakukaukia usoni. Sabuni ya kunyolea ina asidi ya steariki kwa wingi, yaani asidi itokanayo na mafuta, na aghalabu hupikwa kwa potashi pamoja na kostiki soda, dawa kali za kugeuza mafuta kuwa sabuni. Ndiyo maana povu lake ni zito na linatulia. Msichanganye.

Kwa ile pete, ing'oe kwenye kibati, ipare kwa kisu iwe vipande vidogo, uvitie kwenye bakuli lenye kitako kipana kiasi cha brashi kuzunguka. Nyunyizia matone machache ya maji ya moto, ushindilie kwa mgongo wa kijiko mpaka vishikane na kufunika kitako chote, kisha weka pahala penye upepo usiku kucha. Sabuni ni ileile, lakini sasa brashi inagusa sabuni kila inapopita. Kijiti kilichobaki kifupi kisichoshikika nacho fanya vivyo hivyo.

Ukitaka kunyoa, tia maji ya vuguvugu kidogo juu ya sabuni, uyaache wakati unaosha uso, kisha yamwage. Loweka brashi, ikung'ute mpaka isidondoshe. Zungusha bila haraka. Kwa sabuni nzima nusu dakika inatosha. Kwa mabaki nenda dakika nzima au zaidi. Mwanzo povu litanata, limefifia, na hapo ndipo watu wanapomimina maji kwa kiganja wakaharibu kila kitu. Chovya ncha za brashi tu, zungusha, chovya tena. Povu likiwa tayari linang'aa na kulala kama tui la kwanza, huoni kiputo. Ukiona viputo, maji yamezidi, rudi kwenye sabuni. Malizia kulikuza usoni, usilikuze bakulini, maana la bakulini nusu yake utalimwaga. Na ukitia tone la glisirini, ile ya duka la dawa, halikauki upesi hata feni ikikupiga.

Ndugu zangu, tumezidi kutupa. Kitu kikibaki robo tunakiita taka. Sote hapa tunataka kujenga, kuoa, kufungua duka, kumsomesha mtoto, na pesa ya hayo yote inapita mikononi mwetu kidogo kidogo huku tunaidharau. Mwenyezi Mungu ametuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu, hakika Yeye hawapendi wenye kufanya israfu. Anayekucheka kwa kutunza kilicho chako mwache acheke. Usimkasirikie, lakini usimpe kikopo chako. Na maji, narudia, angalieni maji kabla ya kulaumu sabuni.

Mabaki yakiwa machache hata kushindilia hayafai, subiri upate sabuni mpya. Lowesha uso wake, bandika yale ya zamani juu, bonyeza kwa kidole gumba mpaka yashike, na usiipitishe brashi mpaka pamekauka kabisa, la sivyo yatabanduka siku ya kwanza.