Kushindwa kusali baada ya msiba

Pole sana, dada. Umefiwa na mume, umehamia Dodoma kwa kazi mpya, na unauliza kama kushindwa kusali ni dalili kwamba imani yako imekufa. Hapana, haijafa. Fungua Zaburi ya 88: mwombaji analia mchana na usiku, na zaburi inaishia gizani, bila jibu lolote. Hata hivyo imo kwenye Biblia, na Wakatoliki huisali Ijumaa usiku katika sala ya kufunga siku. Isome kwa sauti, hata machozi yakikukatiza. Ukikosa maneno yako, hayo yanatosha.

Eliya naye alipoomba afe (1 Wafalme 19), Mungu hakumwanzia na mahubiri. Malaika alimpa maji na mkate uliookwa juu ya makaa; Eliya akala, akanywa, akalala tena. Kwa hiyo kula, dada yangu, na ulale. Usingizi ukigoma wiki kadhaa, mwone daktari. Huko si kukosa imani.

Jumapili hii muulize katibu wa kanisa jumuiya ya mtaa wako inakutana wapi. Waambie wazi umefiwa. Siku usiyoweza kuimba, wataimba wao.