Makala Moja Imebeba Marejeo Yangu Yote

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtafiti wa biolojia ya molekuli na ninajiandaa kuomba kupandishwa cheo. Nimechapisha makala 14, ambazo kwa jumla zimerejelewa, yaani kutajwa kuwa chanzo katika kazi nyingine, mara 910, lakini 640 kati ya hizo zinatokana na makala moja tu inayoeleza njia ya kupata RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya jeni) iliyo safi kutoka katika vipande vidogo vya tishu. Faharasa yangu ya h, kipimo kinachounganisha idadi ya makala na marejeo yake, ni 8. Mwenzangu ananiambia kwamba makala ya mbinu haihesabiwi kuwa ugunduzi, na kwamba kamati itaona nilibahatika mara moja. Je, rekodi yangu ni dhaifu?

JIBU: Ndugu msomaji, historia ya fani yako mwenyewe inampinga mwenzako. Oliver Lowry na wenzake walichapisha mwaka 1951, katika Journal of Biological Chemistry, njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika, na makala hiyo imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Jarida la Nature lilipotoa mwaka 2014 orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi, hiyo ndiyo iliyoongoza, na zilizoifuata karibu ni za mbinu pia, ikiwemo ya Laemmli ya mwaka 1970 ya kutenganisha protini na ya Bradford ya mwaka 1976 ya kuzipima. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA haikuwamo. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba umbo la DNA ni jambo dogo. Ila liliingia mapema katika vitabu vya shule hata watafiti wakaacha kulitajia chanzo, ilhali anayepima protini hulazimika kueleza ameipimaje. Marejeo, basi, yanaonyesha kazi inatumika kiasi gani, na kazi yako inatumika.

Faharasa ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, haiwezi kuliona hilo. Nane yako ina maana kwamba una makala nane ambazo kila moja imerejelewa angalau mara nane, na hata ile ya mbinu ikifikisha marejeo 6,400, nane itabaki nane. Tena faharasa hiyo haiwezi kuzidi idadi ya makala zako, kwa hiyo kukulinganisha na mtu mwenye makala 60 ni kupima miaka ya kazi zaidi ya ubora wake.

Makala zako 13 zilizobaki zimerejelewa mara 270, yaani wastani wa karibu 21 kwa kila moja, na kwa hiyo madai ya bahati ya mara moja hayana msingi. Ninachokihofia mimi ni nafasi ya jina lako. Katika biolojia ya molekuli mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya maabara, na wa mwisho ndiye anayeongoza kundi. Ikiwa katika nyingi ya hizo 13 uko katikati, kamati ina haki ya kuuliza ulifanya nini, nawe uwe umekwisha kulijibu swali hilo kwa maandishi, makala kwa makala.

Taja pia hifadhidata uliyoitumia na tarehe uliyohesabu, kwa sababu Google Scholar, inayojumuisha hata tasnifu na makala ambazo hazijahakikiwa, mara nyingi hutoa hesabu kubwa kuliko Scopus au Web of Science. Yatenge marejeo uliyojirejelea mwenyewe. Kigezo cha athari cha jarida usikiegemee: ni wastani wa marejeo ya makala za jarida zima, na Azimio la San Francisco kuhusu kutathmini utafiti, lililoanzishwa mwaka 2012, linapinga kukitumia kumpima mtafiti mmoja mmoja.

Kabla ya kuwasilisha maombi, chukua siku kadhaa uzisome kazi zilizoirejelea makala yako ya mbinu, uone ni zipi zilizoitumia kweli na zipi zilizoitaja tu kwa kupita. Ukikuta maabara iliyoitumia kwa tishu ambayo wewe hukuwahi kuijaribu, na ikapata matokeo ambayo yasingepatikana bila njia hiyo, anza maelezo yako na mfano huo, ndipo ulete 640.