Tiketi ikisema Jumamosi 00:40, ondoka nyumbani Ijumaa

"Mama, ndege yako imeshaondoka. Iliondoka usiku wa kuamkia leo."

Dada wa kaunta alinirudishia pasipoti taratibu, akaniangalia kwa huruma. Ilikuwa Jumamosi saa tatu usiku, Uwanja wa Julius Nyerere, na mimi niko na begi tupu la kwenda kujazia mzigo Guangzhou, China. Tiketi ilikuwa imeandikwa wazi: Jumamosi, 00:40. Mimi nikaisoma kwa Kiswahili chetu, saa sita na dakika arobaini usiku, Jumamosi. Nikashinda dukani Kariakoo mchana kutwa, nikafunga saa kumi na moja, nikaenda nyumbani kuoga na kuaga watoto. Kumbe ndege ilikuwa imeruka saa ishirini na ushee kabla sijafika.

Marehemu bibi yangu wa Tanga asingekosea. Kwa wazee wa Pwani siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, ndiyo maana Yasini ya usiku wa Ijumaa husomwa Alhamisi jioni. Sisi wa mjini tumeiacha hesabu hiyo, na tiketi za ndege zinatuumiza. Tangu siku ile, kila tiketi inayoanza na 00, 01 au 02 naiandika upya kwa maneno kwenye karatasi na kuibandika mlangoni: "Natoka nyumbani IJUMAA saa mbili usiku." Nimeshawaandikia hivyo wenzangu wengi, hasa wanaosafiri mara ya kwanza. Na ukipitia Addis Ababa ukalazwa hotelini, fahamu kwamba Waethiopia nao huhesabu saa kama sisi, asubuhi ikianza saa kumi na mbili. Dereva akikwambia saa mbili, muulize ni saa mbili ya nani, kwa sababu mbao za uwanjani hufuata saa ya kimataifa.

Nasafiri kununua nguo za watoto na vitambaa tangu 2013, Dubai kwanza, kisha China, na miaka ya karibuni Istanbul. Watu wengi wakiniuliza kuhusu safari huanza na bei za sokoni. Soko si tatizo, ukifika utalizoea kwa siku mbili. Fedha na nguvu huishia kwenye karatasi ulizoziacha nyumbani, na kwenye zile saa chache za kwanza baada ya kutua, wakati umechoka, simu haishiki mtandao, na kila mtu anajua wewe ni mgeni.

Anza na pasipoti. Usiangalie tu kama haijaisha. Hesabu kama itakuwa na miezi sita zaidi ya siku utakayorudi, na kama ina kurasa tupu. Pasipoti zetu mpya za kielektroniki zilianza kutolewa 2018 na huishi miaka kumi, kwa hiyo waliowahi kuchukua mwaka ule wa kwanza wajue kuwa kwa mashirika ya ndege itaanza kuwa na matatizo kabla ya 2028. Kadi ya homa ya manjano ni tofauti. Hata kama ya zamani imeandikwa miaka kumi, kwa uamuzi wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Julai 2016, chanjo ile ni ya maisha. Usirudie sindano kwa sababu ya tarehe. Anayechanja mara ya kwanza achanje angalau siku kumi kabla ya safari.

Sasa Guangzhou, maana hapo ndipo watu wetu wanapata tabu zaidi.

Ukitua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ukaunga simu kwenye mtandao wa uwanja, WhatsApp haifunguki, Google haifunguki, ramani uliyoizoea haifunguki. Mimi mara ya kwanza nilisimama pale na jina la hoteli kwa herufi zetu, nikimwonyesha dereva baada ya dereva, na hakuna aliyeweza kulisoma. Kwa hiyo haya yafanyike ukiwa bado Dar. Mwombe mwenye hoteli akutumie anwani kwa herufi za Kichina, uipige picha na pia uichapishe kwenye karatasi, kwa sababu chaji huisha. Fungua mapema WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia Wachina. Mara nyingi inataka rafiki mwenye akaunti akuthibitishe, na rafiki huyo ni rahisi kumpata Kariakoo kuliko saa nane usiku uwanjani. Fungua Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, weka pasipoti yako na kadi ya benki, na ujaribu kama imekubali. Washa huduma ya laini yako kutumika nje ya nchi hata kama hutanunua bando, ili ujumbe wa benki wenye namba ya siri ukufikie. Data ya laini ya nyumbani hufungua WhatsApp ukiwa kule, wakati mtandao wa hotelini hauifungui.

Malipo ya Alipay kwa kadi ya kigeni hayana makato mpaka yuan 200. Ukizidi hapo wanakata asilimia 3. Chakula, teksi na treni lipa kwa simu bila wasiwasi, lakini usilipie mzigo wa yuan elfu ishirini kwa njia hiyo, utaacha yuan 600 hewani. Pesa taslimu ni halali, ila beba noti ndogo, muuza supu hana chenji.

Ukilala hotelini, wao ndio wanakuandikisha polisi. Ukilala kwa ndugu au rafiki, sheria inakutaka wewe ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Watu hulipuuza hili kwa sababu "kila mtu anafanya hivyo". Mtaa wa Xiaobei, ambako utasikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kwenye ngazi moja, polisi hukagua pasipoti, na wanataka pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu. Tembea nayo kwenye begi la tumboni.

Kuhusu muda wa kwenda: maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, hapo hapo Guangzhou, yaliyoanza 1957, hufunguliwa Aprili na Oktoba katika awamu tatu, na nguo na vitambaa viko awamu ya tatu, kuanzia 1 Mei au 31 Oktoba. Nimekutana na dada aliyekuja awamu ya kwanza kutafuta nguo za watoto akakuta mashine na vifaa vya umeme. Hoteli hupanda bei siku hizo, kwa hiyo kama unaenda masokoni tu, zikwepe. Na usiende karibu na mwaka mpya wa Kichina. 2027 unaangukia 6 Februari, na wiki mbili tatu kabla yake mafundi wanaanza kurudi vijijini kwao. Oda uliyoahidiwa itakwama kiwandani, na kontena litafika Dar wakati Sikukuu ya Idi imeshapita.

Kwenye soko la vitambaa la Zhongda kuna maduka ambayo hutayamaliza kwa wiki. Njia yangu ni hii: kila duka nililopenda nachukua kadi yao, naomba kipande cha kitambaa cha ukubwa wa vidole vitatu, nakibana kwa stepla kwenye kadi, nyuma naandika bei, upana wa jora na rangi zilizopo. Jioni natandaza kadi zote kitandani. Kitambaa kilichoonekana kizuri chini ya taa za dukani, kando ya dirisha la hoteli mara nyingi kinabadilika rangi. Hapo ndipo naamua. Siku hiyo hiyo silipi hata senti, hata muuzaji aseme bei ni ya leo tu.

Istanbul ni rahisi zaidi, na kwa nguo za kike mimi naona ubora wake unazidi. Saa yao ni sawa na yetu mwaka mzima, kwa hiyo mwili hauchoki. Ila mji una viwanja viwili vikubwa vya ndege: mmoja upande wa Ulaya, na Sabiha Gökçen upande wa Asia. Maduka ya jumla ya Laleli yako Ulaya. Tiketi ya bei nafuu ya kutua Asia usiku inaweza kuliwa yote na teksi. Pale Laleli na Merter wanauza kwa seri, yaani saizi zote za mtindo mmoja pamoja. Usibishane upewe saizi kubwa tupu, badala yake tafuta maduka yanayoshona seri za saizi kubwa, yapo. Usipange siku ya kununua iwe Jumapili, wengi wamefunga.

Dubai sina mengi, maana kila mtu ana shangazi aliyefika. Deira, mtaa wa masoko, utaelewana hata kwa Kiswahili. Vuka hori kwa abra, mashua ndogo ya abiria, ni dirham moja. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala. Kikubwa ni dawa. Vidonge vya maumivu vyenye codeine au tramadol vinadhibitiwa vikali kule na vinahitaji kibali kabla hujasafiri. Angalia kisanduku cha dawa cha nyumbani kabla hujakimwaga chote kwenye begi.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu tuna vijana wetu magerezani China na Hong Kong: usibebe kifurushi cha mtu. Hata cha jirani, hata cha shemeji. Jirani yangu aliwahi kunipa unga wa dagaa wa kumpelekea mwanawe, umefungwa kwa gundi ya plastiki mara nne. Nilimwambia, dada, tuufungue hapa mezani, tuumwage kwenye sinia, kisha tuufunge upya pamoja. Alinuna, baadaye akaelewa. China adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya inafika kifo, na askari hatakusikiliza ukisema ulipewa tu.

Dola beba zilizonyooka, zile mpya za mia zenye ukanda wa bluu. Za zamani zenye vichwa vidogo utazunguka nazo mpaka urudi. Ukibeba kuanzia dola 10,000 unatoa taarifa forodhani hapa nyumbani, na ukiingia China zaidi ya 5,000 unajaza fomu. Kujaza fomu si kodi. Wanaoficha ndio wanaonyang'anywa. Pawabanki ikae begi la mkononi, isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Ya mAh 20,000 ni Wh 74, iko salama. Lakini tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani za China hazipokei isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China. Ukienda Yiwu, mji mwingine wa masoko, kutoka Guangzhou, panda treni tu.

Mwisho ni begi. Miaka kadhaa iliyopita langu halikufika. Sampuli zote, dawa ya presha, nguo, vyote vilikuwa ndani, na mimi nilizunguka masokoni siku tatu na gauni moja nikilifua usiku. Bahati nilikataa kutoka ukumbi wa mizigo mpaka nimepewa karatasi ya taarifa yenye namba. Bila karatasi ile huna kesi. Begi likija limevunjika, mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku saba tu kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipolipokea.

Walipolipata waliniuliza linafananaje. Jeusi, la magurudumu, kama mamia mengine. Lakini kwenye mpini nilikuwa nimefunga utepe niliouchana kwenye pindo la khanga, mwekundu wenye vidoti vyeupe, na kijana wa stoo aliutambua kwa maelezo hayo kwenye simu. Kipande cha pili cha doti ile, kizima, hukaa begi la mkononi pamoja na dawa, sampuli na nguo ya kubadili. Ndani ya ndege ni shuka, hotelini ni mkeka wa kuswalia, na baridi ya kuunganisha ndege usiku wa manane najifunika nacho mpaka kichwani.